Nafasi Kwenye Ngazi

11 Februari

Kaka,

Bahasha yako imefika pamoja na karatasi za kuchapia, na hazikukunjwa hata kidogo. Mama alizipekua zote akitafuta barua yake, akakuta mistari miwili, akasema, "Huyu mwanangu anaandika kama mtu anayelipia kila neno."

Najua ungependa nipige simu. Kwenye simu mimi ni bubu, unanijua. Nasikia unavyopumua, nasikia mashine za karakana yenu, halafu maneno yote yananikimbia, nabaki na "eeh, eeh" kama mtu aliyeng'olewa jino. Kwenye karatasi angalau naweza kukata na kuanza upya.

Haya, jambo lenyewe. Ile programu ya kurekebishia picha uliyoniwekea kwenye kompyuta imeanza kunisumbua. Kila nikiifungua inaniambia kuna toleo jipya. Nimebonyeza "baadaye" mpaka najisikia mdanganyifu. Nataka ushauri wako, na nakuomba uniambie kama fundi, si kama kaka. Hili letu ulilinunua mara moja basi. Jipya linalipiwa kila mwezi, ila wanatoa mwezi wa kujaribu bure. Wanasema linamtoa mtu kwenye ukuta ulio nyuma yake kwa kubonyeza mara moja tu. Mimi hapa nazungukia nywele kwa kipanya, unywele mmoja mmoja, na feni inanguruma mpaka Mama anauliza kama kuna mtu anasaga nafaka chumbani.

Lakini mimi napiga picha za kujifurahisha tu. Hakuna anayenilipa, hakuna anayenisubiri. Unaona nina haki ya kulitaka?

Shuleni salama. Masomo yote ni kwa lugha ya huku tulikohamia, hata mlinzi wa getini anatusalimia kwa lugha hiyo. Kuielewa naielewa, na nikiandika napata alama nzuri. Kuisema ndiyo kazi. Naitengeneza sentensi kichwani, naikagua, naipiga pasi, na inapokuwa tayari kuvaliwa, wenzangu wameshahamia habari nyingine.

Ila usijali, nimepata marafiki. Nimekuwekea picha: mimi na wasichana watatu wa darasani kwetu, kwenye ngazi za maktaba. Yule mwenye nywele za kusuka ndiye mcheshi wao.

Mdogo wako,
Kimya


25 Februari

Bi Kimya,

Umeniomba nikujibu kama fundi, basi vumilia maneno ya fundi.

Hilo toleo jipya ndilo ninalotumia hapa karakanani kutwa nzima. Tunachapa mabango, sura za watu zinakuwa kubwa kuliko mlango. Juzi nimempunguza tumbo mwenye duka la magodoro, akaja kulitazama bango, akasema bado. Nikampunguza tena. Sasa amesimama kwenye bango amekonda kama mgonjwa, na godoro limenona. Ameridhika.

Kwa hiyo najua linachoweza. Linaweza karibu kila kitu, na hilo ndilo linalonifanya nisite. Swali langu ni moja: nitajie picha moja tu iliyokushinda kwa programu ya zamani. Sitaki kumi. Tukishajua kilichokushinda ndipo tutajua kama tatizo ni programu au ni sisi.

Jambo la pili, shika sana hili. Picha ukiihifadhi ndani ya toleo jipya, la zamani haliwezi tena kuifungua. Ukivuka umevuka. Watu wengi huligundua wakati kazi zao zimeshafungiwa ng'ambo.

Picha ya ngazini nimeibandika juu ya meza yangu. Mmependeza. Aliyeipiga nani? Ametulia mkono.

Kaka yako,
Mzee wa Flashi (watu wa harusi walinipa jina hilo na hapa limenifuata, sijui nani kawaambia)


9 Machi

Kaka,

Hakuna aliyeipiga. Niliiweka kamera juu ya kiukuta, nikaitegesha ipige yenyewe, nikakimbia kwenda kukaa.

Picha iliyonishinda ni hii ninayokutumia leo. Tuko wanne kwenye varanda ya madarasa. Itazame vizuri: wenzangu wana rangi ya ubaridi kidogo, mimi nina umanjano kama nimeoga mafuta. Nimevuta rangi kushoto, nimevuta kulia, uso ukikubali shingo inakataa. Na kivuli changu hakitulii sakafuni, kinaelea. Wanasema toleo jipya linaoanisha mwanga lenyewe. Ndiyo maana nalitaka. Si kwa sababu ya fahari.

Mama amezibandika picha zangu kwenye friji. Akitoka zamu anasimama hapo kabla hata hajakaa, viatu mkononi, anazitazama. Unakumbuka alivyotuambia tulipokuwa tunahama? Kwamba kama mpaka katikati ya mwaka nitakuwa sijazoea, tutafunga mizigo turudi nyumbani. Sasa hospitali wanataka awe muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mkataba wa miaka mitatu, na wanasubiri jibu. Hajaniambia anataka nini. Lakini siku hizi anapopiga pasi sare zake anaimba, Kaka. Tangu lini Mama akaimba na pasi mkononi?

Mimi naendelea vizuri. Mapumziko ya mchana huwa nakaa maktaba. Kuna mwanga mzuri kule.

Kimya


21 Machi

Mwanangu,

Unasema mimi ndiye nisiyeandika, haya nimeandika. Nipo kazini, watoto wamelala, nina dakika chache kabla ya dawa.

Nimeshaweka sahihi. Miaka mitatu. Nilikuwa nimekwama, sili nikashiba, kila nikimtazama mdogo wako naona nimemng'oa alipoota. Unamjua alivyo, ukimuuliza "vipi" anakwambia "salama" na mlango unafungwa. Picha zake ndizo zilizonitoa gizani. Nilipomwona amekaa katikati ya wenzake, bega kwa bega, nikasema basi, mtoto kapata watu. Nikaenda kutia sahihi siku hiyo hiyo, kabla moyo haujageuka.

Sasa ameniomba nimlipie programu mpya ya picha. Tangu tufike hapa hajaniomba kitu, hata sketi mpya. Mimi mambo hayo siyajui, wewe ndiye bingwa wake. Nimlipie? Ukisema ndiyo, nalipa kesho.

Kula vizuri. Na uandike zaidi ya mistari miwili.

Mama


28 Machi

Mama,

Hongera ya cheo. Hao watoto wa wodini wamepata bahati.

Usilipe kwanza. Nitakueleza.

Mwanao


7 Aprili

Kaka,

Umemwambia Mama asilipe. Hukuniambia mimi, umemwambia yeye, mstari mmoja, kama unayemkatalia mteja. Nilikuomba ushauri wa fundi na nikakuletea picha iliyonishinda, vile vile ulivyotaka. Ulichokosa ni nini? Au kompyuta yenye vitu vizuri ni ya watu wa karakana, sisi wa kujifurahisha tubaki tunachezea kipanya?

Sikungoja. Nimeanza mwezi wa bure. Kompyuta ilitaka kukata roho lakini ikafika. Na nimetengeneza picha mpya, hii hapa, tuko uwanjani chini ya mlingoti wa bendera, wanne. Jua la saa nne. Mwenye kusuka amenishika bega.

Wewe si unajisifu una jicho? Itazame. Nionyeshe kosa liko wapi.

Kimya


15 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeitazama chini ya taa ya mezani, nikaipeleka dirishani, nikaazima kile kioo tunachokagulia nukta za wino. Sikuona kosa. Mkono ulioko begani kwako una kivuli chake, kitambaa kimebonyea chini ya vidole. Nimekutafuta mpaka macho yakauma.

Ndipo nikaogopa.

Nilijua tangu ile ya kwanza. Kabla sijamaliza kuitoa kwenye bahasha nilijua. Jua la pale ngazini linatoka kulia, na wewe pua yako imeangukiwa na kivuli upande usiofaa. Ule ni mwanga wa dirisha la chumba chako, hiyo rangi ya pazia naijua, mimi ndiye niliyelibeba siku ya kuhama. Lakini si hilo lililonihakikishia. Ni macho ya wale wasichana. Ukiwa umeitegesha kamera juu ya ukuta, watu huitazama kamera, wanakodoa lile tundu. Hao wanatazama juu kidogo ya lenzi. Wanamtazama mtu, na wanamchekea. Nilipokuuliza aliyeipiga nani nilikuwa nakufungulia mlango. Ukaniambia hakuna.

Aliyeipiga ni wewe.

Sikusema, kwa sababu nilifikiri ni mchezo na utauchoka. Halafu Mama akaniandikia kwamba ametia sahihi, na kilichomtuma kutia sahihi ni picha zile. Nikajua kwamba si mchezo, na kwamba hukuzitengeneza kwa ajili ya kujidanganya wewe. Ulitaka apate ile wodi.

Uliniuliza kwa nini nilimkataza asilipe. Sina sababu ya kifundi. Programu ya zamani inakuacha ukosee. Kwenye yale makosa ndimo nilimokuwa nakuona: umanjano wa taa ya chumbani, kivuli kinachoelea, mtu aliyekaa peke yake Jumamosi nzima. Hii mpya imekuziba pote. Ukiendelea nayo utaweza kuniambia lolote, na mimi nitaamini, na nitakuwa nimekupoteza huku nimekubandika ukutani.

Sijamwambia Mama. Hilo ni lako.

Kaka yako


5 Mei

Mdogo wangu,

Hujajibu. Nilipiga simu, Mama akasema unaoga. Nikapiga tena, akasema bado unaoga. Nikamwambia mtoto huyo atayeyuka.

Labda nilisema kama mtu aliyesimama juu ya dari. Basi na mimi nishuke. Niliwaambia wewe na Mama kwamba nakaa na mafundi wawili, chumba kimechangamka, tunagombea bafu. Walihama tangu mwaka jana. Nakaa peke yangu. Chakula cha mchana nakula mezani kwangu, wenzangu wakienda mkahawani nasema nina kazi ya haraka. Kazi ya haraka haipo. Natazama picha zako. Nilijua si za kweli, na bado nilikuwa nakaa nazo wakati wa kula, wewe na wale wasichana watatu nisiowajua, nikajisikia nina wageni.

Kwa hiyo usinione bingwa. Andika hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Kaka yako


20 Mei

Kaka,

Nilikasirika. Barua yako niliisoma shuleni, chooni, kwa sababu ndiyo mahali penye komeo, nikatamani ardhi ipasuke initie ndani pamoja na sinki. Uliniacha niendelee kukutumia picha na ulikuwa unajua. Nilikuwa nachagua zile ambazo nimetabasamu vizuri. Unaelewa hiyo inavyouma? Nilikuwa najipiga chumbani, nimeegemea kabati kana kwamba ni mtu, nacheka na kabati.

Halafu ikaja ya pili, ya mafundi waliohama, hasira ikakosa pa kukaa.

Nitakueleza yaliyotokea, halafu nitaelezea habari ya programu, maana nilikuuliza na sijakupa jibu langu.

Ni kweli niliwapiga mimi. Siku ile mwenye kusuka aliniita, "Wewe mwenye kamera, tupige basi." Wakakaa, nikawapiga, akaja akatazama kwenye kioo cha kamera, akasema nimewatoa vizuri, akaniuliza kitu. Nikawa bado naitengeneza sentensi ya kumjibu, kengele ikalia. Mpaka leo ile sentensi ninayo. Sijui niipeleke wapi.

Jumatano Mama alirudi mchana, akasimama pale kwenye friji, viatu mkononi. Nikamwambia, "Mama, njoo uone kitu." Nikamkalisha kwenye kiti changu, mimi nikasimama. Nikafungua ile ya ngazini, ya kwanza kabisa, niliyoitengeneza kwa programu ya zamani. Nilikuwa sijaunganisha leya zake, yale matabaka ya picha, kila kipande kipo juu ya kingine kama karatasi zinazoonyesha kilicho chini. Nikazima kivuli changu. Hakuona tofauti. Nikajizima mimi.

Mama akasema, "Umekwenda wapi?" Aliuliza kama vile nimetoka chumbani, na mimi nimesimama nyuma yake.

Wakabaki wasichana watatu, na katikati yao pengo. Akaligusa kwenye kioo kwa kidole. "Hapa ndipo ulipokuwa umekaa?"

"Hapana, Mama. Hapakuwa na nafasi."

Nikazima leya ya mwisho. Wasichana wakarudi walivyokuwa, wamebanana, hata kitabu hakipiti katikati. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyewasogeza."

Nikadhani ataniuliza kwa nini nilimdanganya, nilikuwa nimeshajiandaa kwa hilo. Akauliza, "Kazi hii inachukua muda gani?"

"Jumamosi nzima. Zile ngumu, mbili."

"Na mimi niko sebuleni," akasema. "Nasikia feni inanguruma, najiambia mtoto anajifurahisha."

Akataka aende kumwona mkubwa wake hapo hapo, aombe wafute sahihi. Alishasimama, alishaanza kutafuta kitambaa cha kichwa, kama ofisi iko jikoni. Nikamwambia asiende. Si kwa wema, usinisifu. Ni kwamba nimemsikia akiimba na siwezi tena kujifanya sikusikia. Nilimwambia abaki na wodi yake. Halafu nikamwambia kwamba nina upweke. Nilitumia neno hilo hilo, sikulipamba. Lilitoka kwa Kiswahili, kwa sauti yangu mwenyewe, wala halikuwa refu. Mama akakaa chini na kitambaa chake, akasema, "Hata mimi nilikuwa naona chakula cha mchana unarudi nacho kila siku. Nikajiambia labda marafiki wanakugawia." Kwa hiyo sote watatu tulikuwa tunaona, Kaka.

Sasa programu. Mwezi wa bure umekwisha. Iliniuliza kama naendelea au siendelei, nikakaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye mtihani wowote. Sikulipa. Ulisema ukweli, ile ya mlingoti wa bendera haifunguki tena, imebaki ng'ambo. Inabaki ile nakala uliyonayo. Ukitaka itupe. Ni nzuri sana na siipendi. Labda siku moja nitalihitaji toleo jipya kwa jambo jingine, na nikilihitaji nitakuletea picha iliyonishinda. Kwa sasa sina picha iliyonishinda. Nina picha ambazo sijapiga.

Shuleni hakujabadilika. Nisingependa udhani kuna muujiza. Mwenye kusuka bado ni mcheshi, na bado nacheka kwa kuchelewa. Bado nakaa maktaba. Kuna mwanga kweli lakini.

Jumamosi Mama alikuwa na mapumziko, akasema, "Nipeleke nikazione hizo ngazi." Mlinzi alituruhusu. Hapakuwa na mtu, hata majani ya jana yalikuwa hayajafagiwa. Mama akazitazama, akasema ni ndogo kuliko alivyodhani. Akaninyang'anya kamera. "Kaa. Kaa pale katikati." Nikamwambia asogee karibu, akasema tulia, anajua anachofanya. Hajui. Alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka akafika kwenye geti, anipate mzima, na ngazi zote, na ukuta, na mbingu juu yake.

Ndiyo hii niliyokuwekea. Imepinda kidogo. Mimi ni kale kadoa keupe, nimeshika magoti. Kuikata pembeni ili nionekane mkubwa hata programu ya zamani inaweza, ni kazi ya dakika moja. Nimeiacha hivyo hivyo, upate kuona ukubwa wa mahali penyewe.

Mdogo wako